Boriti Sitini na Tatu

Juu ya kitanda changu kuna boriti sitini na tatu.
Nilizihesabu usiku wa fungate, bwana harusi amelala:
korija tatu kamili, na tatu za bakshishi
alizotia Twalibu muuza miti
ili baba asimlaumu kwa bei.

Baba hakuwa tajiri. Alikuwa na binti.
Na kwetu Mkomani binti haolewi hewani,
huolewa ndani ya kuta:
jiwe likatwe, chokaa ichomwe mchana na usiku,
zidaka zipande hadi darini,
watu waje wapapase ukuta kwa kiganja, waseme,
"Athmani kafanya."

Basi Athmani akafanya.
Tanuri likala kuni za Manda, likala matumbawe,
likatema weupe.
Deni alililipa miaka kumi na mmoja,
kwa kuwakatia wengine miti
ya kuwajengea binti zao.

Zamani, asema kaka yangu Bwanaheri,
mti ulibadili jina kadiri ulivyonenepa:
fito, pau, mazio, boriti, nguzo.
Siku hizi hurudi kutoka Mkanda na fito tupu.
"Tunakata watoto," alisema, akacheka,
kisha akaomba maji.

Nikampa. Akatema.

Kisima chetu kimeingia chumvi.
Majirani wanalaumu hoteli za Shela
zilizokalia mchanga uliotuwekea mvua,
na wageni wanaooga maji matamu mara tatu kwa siku.
Ni kweli. Nami nalaumu, tena kwa sauti.
Lakini usiku nalala chali,
na juu yangu umelazwa msitu mzima,
umepakwa nyekundu na nyeusi,
bila kaa, bila tope,
bila kamba wachanga wa kujificha mizizini.

Juzi walikuja kumposa Rukiya.
Mama wa kijana alionja chai, akaiweka chini;
sukari haikuweza kuificha chumvi.
Akainua macho darini, akayashusha polepole,
akauliza kwa adabu:
"Na mtoto, atajengewa wapi?"

Mume wangu alikohoa.
Bwanaheri alitazama viganja vyake.
Nami nikausikia ulimi wangu, ulimi wa binti Athmani,
ukijibu kabla yangu:
"Papa hapa juu. Tutapandisha ghorofa."