Tiketi ya Kurudi

Chumbani kwetu Isevya, chini ya meza ya cherehani,
ipo kompyuta niliyoinunua chama cha tumbaku kilipouza vitu vyake.
Feni ikizunguka, mpaka leo
inapuliza harufu ya majani makavu,
jasho la msimu wa watu wengine.

Ndani yake nimejenga nchi mbili zisizo na udongo.
Moja nimeiita Kigoma, ya pili Mwanza.
Kila moja na mashine zake pepe, tatu tatu,
anwani zake, lango lake.
Kigoma kwa Kigoma wanaitana kama wapangaji wa ua mmoja,
Mwanza kwa Mwanza vivyo hivyo.
Ila Kigoma haijui kama Mwanza ipo duniani,
na zote zimelala ndani ya bati moja,
hakuna hata upana wa kiganja kati yao.

Nikaweka ruta katikati, nayo pepe,
mguu huku, mguu kule.
Jina sikulitafuta: Tabora.
Si hapa mabehewa hukatwa,
haya yashike ziwa hili, yale yashike ziwa lile?

Saa tano usiku nikabisha kutoka Kigoma.
Hodi.
Hodi.
Hodi.
Mtu mwenye adabu angeishia hapo, akageuza.
Mashine ikaongeza ya nne.
Kimya.

Nikabadili hiki, nikafuta kile.
Nikaulaumu ukuta wa moto, nikaubomoa wote;
kimya kikabaki palepale, sasa hakina hata ukuta.
Saa saba nikatega sikio upande wa Mwanza
na usingizi ukaniruka:
hodi zangu zilikuwa zinafika. Zote nne.
Na Mwanza ilikuwa inajibu, karibu, karibu,
neno linatoka mlangoni, linapotelea gizani.

Mama akaingia. Hakuja kwa ajili ya mitandao,
alikuja kwa ajili ya Luku.
"Uniti nne, Mlekwa. Nne! Na kesho nina magauni ya kipaimara."
Kabla ya cherehani alikata tiketi stesheni miaka kumi na tisa,
uso wake nusu nyuma ya nondo za dirisha.
Nikamweleza shida yangu, kununua dakika.
Akasikiliza huku anatazama ule waya, si mimi.
"Sasa huyo wa Mwanza, nani kamkatia ya kurudi?"
Akazima taa ya ukumbini, akaenda zake.

Nikakaa.

Mashine za Mwanza zilikuwa bado zinaelekea lango la zamani,
lile nililoling'oa Jumapili nikasahau kuzitaarifu.
Nilizipelekea wageni, sikuzipelekea reli.
Mstari mmoja, kwa mashine tatu;
niliuandika polepole, kwa vidole viwili,
kama karani anayeogopa kukosea jina kwenye cheti:
anayekwenda Kigoma apitie Tabora.

Hodi.
Karibu.
Hodi.
Karibu.

Chini ya milisekunde moja, kwenda na kurudi,
na treni ya kweli, ya saa mbili,
ilikuwa bado haijaonekana upande wa Itigi.

Nikacheka peke yangu, nadhani kwa sauti,
maana ukuta ukaniuliza:
"Wameonana?"
"Wameonana, mama."
"Basi zima."