Doa la Kijani

Daktari amenikataza barabara.
Si kutembea: kula. Alisema hivyo akiandika,
bila kuinua macho. "Mzee Bimalendu, vya mikokoteni, basi."
Sulekha akaikunja karatasi ya dawa
akaitia pochini taratibu, kama mtu aliyeokota noti.

Leo mvua ya Kolkata imeanza saa nane,
maji yamefika ngazi ya pili ya duka la mpiga picha,
tramu imesimama katikati ya njia kama ng'ombe aliyesusa.
Umeme umekwenda zake. Tumebaki na jiko la gesi
na mayai matatu.

"Haya," anasema, unga umempanda hadi viwikoni,
"nieleze. Yule mtu wako alikuwa anafanyaje?"

Mtu gani?

"Bimalendu. Chatini haina miguu.
Haipandi yenyewe kwenye mkono wa shati."

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na tisa,
kutoka mlango wa ofisi hadi kona ya bohari ya tramu,
kila Ijumaa, saa kumi na moja na robo.
Kisha nyumbani niliketi mbele ya wali na samaki wake
nikasema, kwa sauti ya mtu mwaminifu,
"Leo sina njaa sana."
Naye akifua. Akifua kwa ndimu, akifua kwa chumvi,
akianika.

Basi nakaa kwenye kigoda, nashika tochi, naeleza.

Unga usiukande kwa hasira. Ukande, kisha usahau kidogo,
ufunikwe na kitambaa kibichi.
Sukuma, paka samli, kunja kama barua usiyotaka isomwe,
sukuma tena.
Chuma kiwe cha moto hadi tone la maji likimbie juu yake.
Yai lipige kwenye kikombe cha chai
pamoja na chumvi, pilipili mbichi,
bizari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa,
kitunguu kidogo (hapana, kidogo zaidi),
limwage, na kabla halijaganda
ilaze chapati juu yake kifudifudi,
kama unavyomfunika mtoto asiyetaka kulala.
Bonyeza pembeni. Subiri sauti ibadilike.

"Sauti?"

Kwanza inatatarika, halafu inanong'ona.
Ikinong'ona, geuza.

Amegeuza. Upande wa dhahabu umetazama juu,
na Sulekha amenitazama mimi.
Najua nimesema mengi mno.
Mpita njia hajui sauti ya yai.

Chatini anaitwanga mwenyewe, haniulizi:
kotmiri, nanaa, ukwaju, chembe ya sukari guru,
pilipili mbili, kisha ya tatu.
Kinu kinadunda gizani, jirani wa juu anagonga sakafu,
Sulekha anadunda zaidi.
Ameonja kwa kidole, amecheka kwa pua.
"Ndiyo hii. Rangi hii hii."

Ya kwanza imechanika. Tumeila tukiwa tumesimama,
vitunguu vikituanguka miguuni.
Ya pili ameiviringisha kwa bili ya umeme
(wamekata, wangoje kulipwa),
akaukunja mkia wa karatasi chini, mara mbili,
na kuupenyeza ndani kwa kidole gumba
ili mafuta yasivuje.

Hilo sikumwambia.

Mkunjo ule ni wa yule mtu peke yake,
wa kona ile peke yake.
Nimemmulika mikono. Ameumega mkate,
samli inatiririka hadi kwenye bangili yake nyeupe ya kombe,
ametafuna, amemeza, hana haraka hata kidogo.

"Jumanne," anasema.
"Mimi nilikuwa nakwenda Jumanne.
Pilipili yake haikutosha, nilimwambia mara ngapi.
Limebaki yai moja.
Shika tochi vizuri."