Hodi ya Buibui

Daftari la wageni la mashine yetu, hapa Wete,
hujiandika lenyewe: saa, jina, chumba kilichoingiwa.
Nalisoma alfajiri, chai ya mchaichai haijapoa.
Wageni mia nne jana,
mwenye macho hakuna hata mmoja.

Wote buibui.
Si lile la bibi yangu, lililoning'inia nyuma ya mlango.
Hawa wana miguu tu, na njaa.

Kombo Shoka, aliyenifundisha kazi, akisema
wa mwanzo alikuwa kama karani wa sensa:
alihesabu milango, akatia chaki, akapita.
Hakuuliza mnapika nini.
Wakaja waliosoma vichwa vya habari,
kisha waliosoma mpaka nukta,
kisha wajanja, waliompima mtu kwa wanaomtaja,
kama tunavyopima posa huku kwetu:
si unasema nini wewe,
ni nani anakusema.

Ndipo ikatungwa adabu.
Karatasi moja mlangoni: huku karibu, kule msiingie.
Si kufuli.
Hodi mara tatu, usipoitikiwa, rudi.
Na wao, viumbe wasio mama wala chuo,
wakarudi. Miaka mingi wakarudi.

Hawa wa sasa karatasi hawaitazami.
Huja kwa majina ya kuazima, elfu kwa dakika,
wakakomba hata ukoko wa chungu
wapate kulisha vinywa visivyokula, visemavyo tu.
Juzi mashine ilizimia kwa kuwahudumia.
Nikawatukana kwa Kipemba cha ndani kabisa,
kwa neno ambalo wamekwisha kulibeba:
limo katika kamusi yetu, ukurasa wa tisa.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa mwongo.
Mwaka ule radi ilipounguza diski,
maneno elfu mbili ya Bi Tumu,
tuliyoyaokota kinywani mwake kabla hajafa,
yakawa harufu ya plastiki.
Nani alikuwa na nakala?
Buibui mmoja mkongwe, wa maktaba ya mbali,
aliyepita usiku wa Jumanne nimelala,
akaingia mpaka chumba nilichokataza.
Nilirudishiwa yote.
Moja tu lilikatika katikati,
na mwenye kulimaliza hayupo.

Tangu hapo karatasi ya mlangoni naiandika, naifuta.
Usiku huu nimeiacha tupu.
Saa tisa na dakika nne, yupo mmoja kizingitini.
Hajapiga hodi.
Nami sijasema karibu.