Daftari la Maji

Umeme ulikatika saa nne. Mashine ya kuzungushia damu
ikalia kidogo, ikazubaa, ikanyamaza.
Nikausimamisha mrija wa baba kwenye kibao cha matundu,
nikamwita aone, maana maabara ya Katuba
isiyo na umeme haina kazi nyingine
ila kungoja.

Damu ikisimama, huanza kuachana yenyewe.
Nyekundu inashuka polepole,
kama watu wa zamu ya usiku, hakuna anayesemezana.
Juu yake utando mweupe, mwembamba kama ukucha wa kichanga:
humo wamo askari wa mwili, na vile visahani
vinavyokimbilia jeraha kabla hujasema "aa!"
Na juu kabisa, kimiminika cha manjano,
rangi ya mafuta ya alizeti.

Baba akainama. Miaka thelathini na moja mbele ya tanuru,
anajua kizito huenda wapi na chepesi huelea wapi.
"Ile ya juu ni buchafu, mutoto.
Shi tulikuwa tunaimwanga kule ku teri,
usiku, mpaka mbingu inakuwa nyekundu."
Nikacheka. Halafu sikucheka.

Hapana, baba. Hapa cha juu hakimwagwi.
Ni maji, sehemu tisa kwa kumi,
na katika maji hayo chumvi, sukari,
na albumini, ndugu yake ute wa yai,
anayeyashika maji mkono yasitoroke njiani.
Yako imepungua. Figo zinaivujisha.
Ndilo lile povu uliloliona chooni
ukalinyamazia wiki tatu.

Nikambonyeza mguu, juu kidogo ya kifundo.
Kidole kikaacha shimo,
shimo likakaa,
likakaa,
kama machimbo ambayo kampuni imeyahama.

"Kama mayi ni mingi hivi, juu ya nini niko na kiu?"

Nikamkumbusha mvua ya Februari:
kiwanja chetu kikawa ziwa, kandambili za Mwape
zikaelea mpaka kwa jirani,
na bomba likakohoa hewa siku nne;
maji ya kunywa tukayanunua kwa bidoni, tukiwa tumesimama majini.
Maji yalikuwapo. Hayakuwa mahali pake.

Akaitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa upesi mno.

Mji wa shaba huu, vumbi lake tumelila tangu utotoni,
lakini kilichozama chini ya mrija ni chuma.
Chembe moja nyekundu huishi siku mia na ishirini hivi;
ikichoka, mwili huivunja,
hukiokota kile chuma, huanza kufua upya.
"Bila kufukuza mutu kazi?" akauliza.
Nikasema, bila.
Akautazama mrija kama mtu anayesoma barua ya mwenziwe.

Nikaupindua taratibu, mara nane,
yote yakarudi kuwa nyekundu,
na yeye akakunja uso: kana kwamba nimefuta jambo
alilokuwa hajamaliza kulisoma.

Siku hizi makayabu hayaingii nyumbani.
Bukari anaila na lengalenga isiyo na chumvi,
anasema inafanana na kutafuna karatasi ya serikali.
Nilimpa daftari lenye safu mbili: kinachoingia, kinachotoka.
Anaandika kwa mwandiko uleule wa tani na zamu,
saba zake zina mkia wa katikati.

*Jumatatu. Chai, 200. Uji, 250. Mayi ya dawa, 100.*
*Ilitoka: 380.*

Jana usiku, akiwa amelala, nililifungua.
Pembeni amechora safu ya tatu, bila rula,
ambayo hakuna aliyemwomba.
Juu yake ameandika *Jasho*,
na chini, kila siku, tangu siku ya kwanza:

*sijui*
*sijui*
*sijui, ilikuwa mingi*