Hodi Mia Nne na Saba

Niliinunua Makoroboi, kompyuta isiyo na kioo,
elfu themanini na matusi mawili ya kirafiki.
Nikaipandisha Mabatini kwa ngazi za mawe,
nikailaza juu ya kabati, kando ya pasi ya mkaa,
waya ukatokea dirishani kama mkia wa panya.

Ndani yake nimeweka daftari la mama:
nani kachukua dagaa magunia mangapi,
nani kalipa, nani kaapa kwa marehemu babake.
Lile la karatasi lililowa Mwaloni mwaka juzi,
wino ukasamehe madeni
ambayo mama hakuyasamehe.

Mwanzoni nilifanya ujinga.
Nywila ilikuwa jina langu na mwaka niliozaliwa.
Nikalala.
Asubuhi nikasoma kumbukumbu za mlango:
hodi mia nne na saba,
kati ya saa nane na alfajiri,
kutoka miji nisiyojua hata wanakula nini.
Hakuna aliyesalimu.
Kila mmoja alijaribu kitasa tu.

Sisi tulilelewa kwamba hodi hujibiwa.
Hata mdai huambiwa karibu, akapewa kigoda,
ndipo adanganywe.
Siku ile nikajifunza adabu nyingine:
kuwa nyumba isiyoonekana, na taa inawaka.

Nikaziba milango yote, nikabakiza tundu moja.
Nikachonga funguo pacha:
mmoja hautoki kwenye simu ya mama,
mwenziwe anakaa hapa kabatini,
kazi yake ni kumtambua nduguye.
Katikati, handaki. Linatoka Nansio, chini ya ziwa
(si chini kweli, ila ndivyo nilivyomweleza),
na maneno hupita yamefundikwa
kama noti kwenye pindo la khanga.

"Na simu ikiibwa?"
"Tunaufuta ufunguo, mama. Mwizi anabaki na simu."
Akanyamaza kama anayehesabu chenji.

Jana giza. Si mgao, ni LUKU, kosa langu.
Uniti zilipoingia, feni ikagoma:
wadudu wa ziwani wamejazana humo.
Nikawapuliza kwa mdomo, nikatema mabawa.
Mashine ikakohoa, ikaamka.

Saa mbili kasoro, mstari mmoja:
ufunguo umekubaliwa, mama.
Nikajikuta nimesema karibu,
peke yangu, kwa sauti.

Hakunisikia. Alikuwa kwenye deni la Lugendo,
anafuta magunia matatu,
anaandika mawili na nusu.