Machungwa ya Filamu ya Kumi na Moja

Sura zake zimeshakuwa sita, jina lile lile,
suti ile ile, saa inayolipuka,
na kila mmoja akizeeka wanatafuta kijana mwenye kidevu.
Thuwaiba huniuliza kila Krismasi, soksi za watoto
zikikauka juu ya hita: "Ungekuwa wewe, ungemweka nani?"
Yeye hutaja wacheza mpira, mtangazaji wa hali ya hewa,
yule daktari wa meno wa Fratton mwenye mikono baridi.

Mimi ninaye wangu. Ninaye tangu themanini na tatu,
walipokuja Portsmouth na malori,
wakamwaga mchanga gatini, wakasimamisha minazi ya plastiki,
wakasema hapa ni bandari ya nchi ya joto.
Nchi gani? Hawakusema. Walipita Somers Town
ghorofa kwa ghorofa wakiokota watu wa rangi ya kufaa:
pauni kumi na mbili kwa siku, na supu.

Mama, Bi Raya binti Faki, akapewa mkokoteni wa machungwa.
Ilikuwa Februari. Chini ya kanga alivaa suruali mbili za baba,
na kabla ya kila "anza!" msichana mmoja alimletea
kipande cha barafu amumunye,
ili pumzi isitoke moshi, ili watazamaji waliamini jua.
Mara tisa alimumunya barafu.
Mara tisa gari la rangi ya fedha likaupiga mkokoteni dafrao.
"Sema chochote," aliambiwa, "lugha yoyote."

Akasema.

Anaonekana sekunde nne. Nimezihesabu.
Tarumbeta ziko juu, fidla zinakimbizana kama kuku,
naye mkono hewani, kinywa wazi, chungwa moja
linabingirika kuja kwetu sebuleni.
Ukitega sikio baina ya ngoma na ngoma utalinasa:
"Na haya nani atayalipa?"
Dunia nzima imeuona mdomo ule.
Tuliouelewa tungeenea basi moja, na viti vikabaki.

Basi, Thuwaiba, sikia filamu yangu.
Gari linapita, bwana wako yumo ndani, linakata kona,
na kamera haimfuati. Imemchoka. Inabaki.
Inainama pamoja na mama.
Muziki? Toa tarumbeta hizo. Au ngoja, baba angenuna,
yeye aliyepuliza beni huko Ng'ambo
na kofia ya baharia kichwani, asiyejua hata kuogelea.
Weka beni, basi, ile ya kuwachezea shere wakubwa,
yenye ngoma iliyopasuka kidogo na kuchelewa nusu hatua,
lakini iwe mbali, mtaa wa tatu,
tusikie machungwa yakirudi mkokotenini, moja, moja.

Hapo ndipo ujasusi uanze.
Nani humtazama mwanamke aliyeinama?
Anapita kwenye lango la mhalifu na kapu lake, walinzi wanapiga miayo.
Na mhalifu asiwe na jicho la kioo wala kisiwa;
awe yule karani wa nyumba za baraza la mji,
bingwa wa "njoo wiki ijayo".
Nani amwigize? Aje mwenyewe, yu hai,
namwona Jumanne sokoni akibonyezabonyeza viazi.
Mama hapigi risasi. Anaketi mbele yake,
anauliza swali lake, na safari hii
hakuna fidla ya kumfunika.

Thuwaiba anacheka. Anasema tikiti hazitauzika.
Mama yuko jikoni; hajapata kuitazama hadi mwisho,
husema inamrudishia baridi ya meno.
Namwuliza, miaka arobaini imeshapita:
"Hivi, waliyalipa?"
"Yalikuwa ya nta," anasema, akifuta sinki.
"Yote. Isipokuwa matatu, niliyobeba nyumbani
ya kulia mchana. Hilo linalobingirika ni langu."