Daftari la Mafuta

Ndani ya kisanduku cha dashibodi,
chini ya glavu moja isiyo na mwenzake,
nimelikuta daftari la baba.
Steinthor hakuandika barua maishani mwake,
hata mama alipolazwa Akureyri miezi mitatu.
Aliandika lita.

Tarehe. Lita. Kilomita. Yote kwa penseli.
Pembeni, neno moja au mawili:
*upepo wa mbele. Theluji ya unga.
Mkwe kasema upuuzi.*

Gari ni la mwaka themanini na tisa.
Alilinunua likiwa na miguu ya kawaida,
akalikata mapaja kwa msumeno,
akaliinua kifua, akalivisha matairi
ya inchi thelathini na nane.
Majirani wa Blonduos wakasema ni trekta linalojisikia.
Mama akasema linakunywa kuliko kaka yake Ulfar,
na Ulfar angalau huimba akishiba.

Lita ishirini na nne kwa kilomita mia.
Ishirini na nne na nusu.
Ishirini na sita, upepo.
Kurasa tisa za lawama:
akasafisha nozeli, akabadili chujio,
akapunguza upepo wa matairi, akauongeza,
akamshuku mwenye kituo
kwamba pampu yake inauza povu.

Halafu ukurasa wa kumi, mstari mnene,
na chini yake hesabu ya mtoto wa darasa la tano:
thelathini na nane gawanya kwa thelathini na moja.
Miguu ilikuwa imerefuka, mita haikuambiwa.
Kila mia iliyosomeka
ilikuwa mia na ishirini na mbili na ushei.
Pembeni: *Samahani.*
Sijui alimwomba nani radhi,
gari au mwenye pampu.
Miaka mitano tulikuwa tukifika mbali
kuliko tulivyojihesabia.

Kuna ukurasa wenye doa, Februari:
lita hamsini na saba, kilomita arobaini na moja.
Hata ukizidisha, ni aibu.
Barafuni Langjokull baba huyatoa matairi pumzi
mpaka yalale bapa kama maandazi yaliyokaliwa,
gari litambae juu ya theluji badala ya kuzama,
na injini ingurume usiku kucha mahali pamoja
ili vioo visigande.
Pembeni, penseli imekandamizwa hadi karatasi imetoboka:
*Wawili. Wote wazima.*
Hakugawanya.
Nafasi ya jibu ameiacha tupu.

Mpwa wangu Dagfinnur ana gari la umeme,
kimya kama friji ya jirani.
Shangazi, liuze, ananiambia,
dizeli siku hizi ni kodi ya nyumba ya pili.
Ana haki. Nikajaribu kuwa na akili.
Nikapanda juu na spana, nikaing'oa keria
ambayo haijabeba kitu tangu jeneza lake,
nikaenda Akureyri na kurudi.
Lita moja na robo imeokoka kwa kila mia.
Ni kweli, nimeiandika.
Ni kweli pia kwamba keria ile ilikuwa ikipiga mluzi
kuanzia mwendo wa sabini,
mwembamba, umepotoka sauti kidogo,
na kwamba juu ya Oxnadalsheidi, bila mluzi ule,
niliongea peke yangu hadi koo likakauka.

Leo asubuhi nimeirudisha.
Boliti nne. Moja imegoma, nimeifunga kwa waya.
Kituoni nimejaza hadi pampu ikajikata yenyewe,
na mtoto wa yule mshukiwa
amesimama na risiti mkononi, ananisubiri.
Tarehe. Lita sabini na moja. Kilomita,
mara moja nukta mbili mbili.
Pembeni nimesita.
*Mluzi,* nimeandika,
nikairudisha glavu juu yake.